Siku Ami Sheikhan Alipoila Dunia

Mwanaesha alikuwa na akili nyingi na werevu mdogo, vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Mwaka ule wa tisini na tano alipata nafasi ya kusomea jiolojia chuo kikuu Nairobi, na mtaa mzima wa Kuze, Mombasa, ukauliza mtoto wa kike afuate mawe Nairobi kwa nini, na mawe yamejaa kuta za Mji wa Kale. Babake, karani wa bandarini Kilindini, hakuwa na pingamizi. Tangu azaliwe hakuwahi kuwa na pingamizi kwa lolote. Neno la mwisho lilikuwa la kakake baba huyo, Ami Sheikhan, muuza matairi wa Makupa, aliyekuwa akisema kila mara kwamba binti akishavuka Makupa kutoka kisiwani kwenda bara harudi tena.

Ami angekuja Ijumaa baada ya alasiri kutoa uamuzi. Mwanaesha aliona maneno matupu hayatamfaa. Akamwomba Mama Akila, jirani yao wa Kibohora, amfinyangie ladu, donge tamu la unga na samli, kubwa kama dafu, na ndani akatia halua. Ladu ilikuwa Dunia changa, halua kiini chake cha chuma. Kando akaweka kaimati moja nono, nayo ni sayari ndogo iliyoigonga Dunia zaidi ya miaka bilioni nne iliyopita. Makombo yaliyoruka angani yakakusanyika, yakawa Mwezi. Alikusudia kuzigonganisha mbele ya ami.

Akavipanga siniani, akafunika kawa, akaitua sinia mkekani sebuleni, akaenda kuswali.

Hapo akili zikamtupa. Mombasa, sinia yenye kawa ikiwa mbele ya mgeni haina maana mbili. Ami aliingia, akambusu mkono mamake, bibi yake Mwanaesha, akaketi, akafunua, akapiga bismillahi. Bibi, asiyeweza kuacha mgeni ale peke yake, akamsaidia.

Mwanaesha aliporudi, babake akifuata nyuma, sayari ndogo ilikuwa imemezwa nzima na Dunia imebaki robo. Ami alikuwa akilamba kiini cha chuma vidoleni na kumsifu mpishi. Mwanaesha alitaka kulia. Akaeleza kuwa ile haikuwa chai ya alasiri, ilikuwa asili ya Mwezi. Ami akaacha kutafuna, ila hakutema, maana halua haitemwi.

"Basi nionyeshe kwa kilichosalia," akasema.

Mwanaesha akaipiga robo ile kofi. Makombo yakaruka hadi kanzu ya ami. Akayaokota kanzuni, akayafinyanga kitonge, akaonyesha kuwa hakina halua ila chembe, kwani makombo mengi yalitoka sehemu za nje. Ndiyo sababu Mwezi una chuma kidogo. Akaeleza ulivyokuwa bahari ya moto, ukapoa, ukapigwa na vimondo hadi ukajaa makovu, kisha miamba iliyoyeyuka ikabubujika kutoka ndani na kuganda, ikawa yale madoa meusi. Bibi akasema masikini, kumbe nao umepitia mengi.

Ami alinogewa. Akakigeuzageuza kile kitonge, bibi akamwonya asikile.

"Sasa huyu aliyetoka kwa mamake," ami akauliza taratibu, "yuwarudi?"

Mwanaesha alijua vyema kinachoulizwa. Alijua pia kuwa mle ndani hakuna mwingine mwenye habari za Mwezi. Angesema unarudi, angefunga begi jioni ile ile. Babake alimkazia macho ya kumsihi.

"Harudi, ami. Kila mwaka yuwasonga mbali kidogo. Kama upana wa vidole viwili."

Babake akafumba macho. Bibi akavuta lahaula. Mwanaesha alihisi Nairobi yote ikimponyoka, akauchukia ukweli na akajichukia kwa kuujua.

"Ungeninyamazia, nisingejua," ami akasema.

"Ningejua mimi."

Ami akakirudisha kitonge siniani. Kisha akasema kuwa kule Makupa watu humdanganya kutwa kwa mambo anayoyajua, na hapa kuna mtoto aliyeshindwa kumdanganya kwa jambo asilolijua. Mtoto kama huyo alikuwa akimwogopea nini? Bibi akauliza kama ndiyo kusema amekubali. Ami akamgeukia Mwanaesha.

"Nenda, mwanangu. Lakini kila likizo urudi. Wewe si mwezi."