Jivu la Mlima wa Moto

Kopo lilifika limeviringishwa kwa kitambaa cha hariri, utadhani tunu. Ndani mlikuwa na unga wa kijivu: jivu la Oldoinyo Lengai, mlima unaotema moto. Mchumba wangu Haidar alilituma kutoka Arusha. "Lichanganyeni na singo," alisema kwenye simu, "uso wa Nusaiba utakate kabla ya harusi."

Utakate! Kwani una masizi?

Bi Duni, somo wangu aliyenifunda mambo ya ndoa, ndiye aliyekuwa akinisugua singo, manukato ya kusafishia ngozi ya bibi harusi, chumbani kwetu Jadida. Alilibusu kopo. "Una bahati, mwanangu. Madini matupu haya!"

"Hata msumari ni madini, Bi Duni."

Kemia niliisoma mpaka kidato cha sita. Jivu hilo si la kuni. Ni mwamba na kioo vilivyosagika vikarushwa juu, na la mlima ule lina magadi tele, jamaa ya yale tunayolainishia maharage. Nikakamulia ndimu kijiko kimoja cha jivu. Likafoka povu.

"Subhanallah, lina nguvu!" Bi Duni akakoroga jingine kwa marashi, akaniendea shavuni. Nikamkinga, nikampa mkono. Akasugua. Haukupita muda ngozi ikawaka, ikatoka mikwaruzo myekundu. Bi Duni akaufuta mkono kwa kanga yake.

Nikampigia Haidar.

"Wewe umejipaka?"

"Mwanamume mzima nijipake mambo ya kike? Linawasha kidogo, najua. Vumilia. Au unataka mama aseme nimeoa mweusi tii?"

Alijua. Na mimi mtu huyu nilimpenda, tena sana! Nikauonea aibu moyo wangu. Jivu lililobaki tulisugulia masufuria. Kwa kazi hiyo, haki ya Mungu, sina neno nalo.

Ijumaa, baada ya Alasiri, baba aliingia na mashahidi wawili kuniomba idhini. Uani biriani inanukia, wanawake wanapiga vigelegele.

"Nusaiba, nikuozeshe Haidar bin Masoud?"

Kwetu mwari akiinamisha uso akanyamaza, amekubali. Wazee hata hawangoji sana. Shahidi mmoja alikwisha kuushika mlango, na baba akageuka kumfuata.

Nikauinua uso wangu, ule ule mweusi.

"Baba, rudini. Sijanyamaza."