Kituo Ambacho Kasoki Hakukitaja

Kwa wiki tatu Kasoki alimfundisha mama mkwe wake kusafiri kwa ndege, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amepanda ndege mara moja tu, siku alipotoka Goma kuja Lubumbashi kuolewa, na safari yote alifumba macho.

Hakukuwa na mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Ruphin, mumewe, alikuwa fundi wa malori kwenye mgodi kule Kambove na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Dorcelle, dada yake Ruphin, alisema tangu mwanzo kwamba mama wa miaka sitini na minane hawezi kutumwa Uingereza peke yake kama kifurushi, na kama kuna atakayemtuma, basi lawama ni zake. Lakini Graciella, kitinda mimba wao, alikuwa Manchester na mimba ya miezi minane, daktari amemkataza hata kusimama jikoni, na kila akipiga simu alikuwa akilia. Mama Jeanne mwenyewe ndiye aliyekata shauri.

"Nitaenda," alisema. "Kasoki atanionyesha."

Kwa hiyo Kasoki akapanga viti vya sebuleni pale nyumbani Kampemba, kimoja nyuma ya kingine, akamfunga mama mkwe kitenge kiunoni kuwa mkanda. Mama Jeanne alijua Kiluba, Kiswahili, na Kifaransa cha kutosha kuitikia misa. Kiingereza hakukijua hata neno. Mwalimu mmoja wa jirani, Merdi, aliwaandikia karatasi mbili ngumu. Ya manjano ilisema kwa Kiingereza mimi ni nani, naenda Manchester, sisemi lugha hii, tafadhali nisaidieni kupata ndege yangu. Nyeupe ilikuwa na namba ya Graciella na anwani yake.

"Ndege ikikaa chini, Mama, unafanya nini?"

"Nashuka."

"Kisha?"

"Nafuata bantu."

"Na kama unapotea?"

"Naonyesha karte ya manjano. Kasoki, mi si mutoto. Tuanze tena."

Walianza tena. Jibu lilikuwa lile lile kila siku, na kila siku Kasoki alilala akijiuliza amesahau nini.

Jumamosi ya safari walifika uwanja wa Luano saa nne asubuhi kwa ndege ya saa nane ya Addis Ababa, ambako Mama Jeanne angebadilisha ndege. Dorcelle alikuja pia, amekaza uso, ameshika chupa ya maji ambayo baadaye ilizuiwa mlangoni. Mama Jeanne alivaa viatu vipya vilivyokuwa vikimbana. Hakulalamika. Mlangoni alimshika Kasoki mkono akaukandamiza, akaingia bila kugeuka, begi lake likining'inia kwenye bega moja, karatasi ya manjano tayari imo mkononi kana kwamba angeulizwa pale pale.

Ndege iliruka saa nane na dakika kumi. Waliiangalia mpaka ikapotea mawinguni. Kasoki alishusha pumzi.

Karibu yao alikuwa mama mmoja akiongea kwenye simu, sauti juu. "Njo, imeisharuka. Saa hii bataenda kwanza Ndola, bengine bashuke pale, kisha njo Addis."

Kasoki alimgeukia. "Samahani, Mama. Ndola?"

"Ndiyo. Ile ya Jumamosi inapitia Ndola. Iko karibu tu, hata saa moja haiishi."

Ndola, Zambia. Ndege itakaa chini, na Mama Jeanne atafanya kile alichofundishwa wiki tatu nzima. Atashuka. Atafuata watu. Atawafuata mpaka barabarani.

"Dorcelle, ngoja hapa, narudi," alisema, akakimbia kabla hajaulizwa.

Ndani, mhudumu mmoja wa kike alikuwa akikusanya karatasi zake. Kwenye kifua chake kulikuwa na jina: Cathy. Askari wa mlangoni alitaka kumzuia Kasoki, lakini Kasoki alikuwa ameshaanza kusema kwa mbali, kwa sauti iliyofanya watu wageuke.

"Madame, nisaidie. Mama mukwe wangu iko mu ile ndege. Nilimuambia ashuke kila saa inakaa chini. Sikujua Ndola. Ni mimi nilimuambia!"

"Pole pole. Anaenda wapi?"

"Manchester. Hajui Kiingereza. Hajasafiri hata siku moja."

Cathy alimwangalia, kisha akaangalia saa ya ukutani. "Sasa juu ya nini haukuomba assistance siku ya kukata tiketi? Bamama ba vile tunabapeleka na kiti ya magurudumu, muntu anabashika mukono tangu hapa mpaka kule."

"Sikujua kama bantu banaomba."

Cathy alichukua simu ya mezani akapiga Ndola. Alianza kuongea Kiingereza, haraka haraka, na Kasoki alisimama mbele yake akiutazama mdomo ule unavyokwenda. Hakuelewa neno. Alijaribu kuusoma uso: nyusi zilipopanda, ni mabaya? Alipotabasamu, alikuwa akimtania mwenzake, au wamempata? Katika maneno yote yale alishika moja tu, Jeanne, na likapita, likafunikwa na mengine. Hapo ndipo alipoelewa ni kitu gani alichokuwa amemtuma mwanamke yule kwenda kukikabili kwa siku nzima, na karatasi ya manjano tu mkononi.

Cathy aliweka simu chini. "Haijafika bado. Batatuita."

Wakangoja. Cathy alimpa kiti, Kasoki hakukikalia. Baada ya nusu saa na kitu simu ililia. Cathy alisikiliza, akaandika namba, akaizungushia duara.

"Nini?" Kasoki aliuliza. "Madame, nini?"

"Bale ba kuendelea na Addis banapaswa kuwa makumi tano na tatu. Mu ndege bamehesabu makumi tano na mbili."

"Nani anapungua?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Dorcelle alikuwa amechoka kungoja. Kasoki hakuona njia ya kuzunguka. Alimwambia yote pale pale, kwamba ndege inapitia Ndola, kwamba hakuuliza, kwamba ni yeye aliyemwambia mama ashuke. Dorcelle alikaa kwenye kile kiti kilichokuwa wazi, akaanza kuvuta rozari kutoka kwenye mkoba, ikakwama kwenye zipu. Kasoki alipiga magoti akamsaidia kuichomoa.

"Ndege itamungojea?" Dorcelle alimuuliza Cathy.

"Kidogo," alisema Cathy. "Si sana."

Dakika kumi na nane. Kasoki alizihesabu zote kwenye ile saa ya ukutani. Simu ilipolia, Cathy alisema maneno matatu tu, akainua kidole gumba kabla hata hajaiweka chini.

"Bamemupata. Iko anakaa mu kiti yake, mulango inafungwa. Na Addis nimeomba muntu amungojee na kiti ya magurudumu. Na kule Manchester vile vile."

Kasoki alimshika Cathy mikono yote miwili.

Njiani kurudi, Dorcelle alisali rozari. Ruphin, alipopatikana kwenye simu kule Kambove, alisema tu, "Ee Kasoki," basi. Furaha ya kupatikana haikudumu hata mpaka nyumbani, maana Addis ilikuwa bado mbele, na baada yake bahari na nchi ambazo Kasoki hakuweza hata kuzipanga kichwani. Simu ya Mama Jeanne ilikuwa imezimwa. Ujumbe wa kwanza ulibaki na alama moja, haujamfikia, wa pili vile vile, wa kumi vile vile.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Kasoki na Dorcelle wakiwa sebuleni na chai iliyopoa, Graciella alipiga simu ya video. Nyuma yake, kwenye kochi, alikaa Mama Jeanne amevaa koti la mwanamume, viatu amevua.

Dorcelle alipiga kelele. Kasoki alifunika uso.

"Banasema ulishuka Ndola!" Dorcelle alisema alipoweza kusema.

"Nilishuka," Mama Jeanne alijibu. "Nilikaa mu mustari, nikatoa karte. Ule askari alisoma, akacheka, akaita mwenzake, naye akacheka. Nikasikia anasema Zambia. Nikajua nimepotea, nikakaa chini pale pale, mpaka bakaja kuniita."

"Lakini juu ya nini ulishuka?" Graciella aliuliza.

Mama Jeanne alijifunika koti vizuri. "Mu ndege mulikuwa joto. Nilitaka kunyoosha miguu."

Kasoki aliondoa mikono usoni. Dorcelle alikuwa akimtazama, na alijua kila kitu.

"Si vile," Kasoki alisema. "Graciella, ni mimi. Nilimufundisha ashuke kila saa ndege inakaa chini. Sikuuliza kama inapitia fasi ingine. Mama hakukosa, alifanya tu vile nilimuambia."

Graciella aliweka mkono kwenye tumbo lake kubwa.

"Kasoki," alisema Mama Jeanne, kwa ukali kidogo. "Nani alikuuliza? Mi nimeisha kumaliza ile maneno. Nilifika, ao sikufika?"

"Ulifika, Mama."

"Sasa sikiliza. Huku baridi iko mingi, na huyu mutoto wenu hana hata majani ya sombe ya kupika mu nyumba. Unitafutie muntu mwenye kuja huku, aniletee. Na muntu yule, umuulize vizuri anapitia wapi."

Dorcelle ndiye aliyecheka wa kwanza. Kisha akainuka, akachukua kikombe cha Kasoki pamoja na chake, akaenda jikoni kupasha chai.