Mvule wa Kupimia Kimo

Nyanya Djamila alikwisha kusema mbele ya watu wote: haendi hospitali ya Kindu kupasuliwa macho mpaka chetezo chake kirudi nyumbani.

"Wakinipasua nikapofuka kabisa, nitakiona lini?" alisema. "Acheni nikione kwanza na hili jicho kidogo lililobaki."

Daktari alikuwa amesema wasichelewe. Wanawe walibembeleza, wakanuna, wakabembeleza tena. Nyanya akageukia ukuta.

Chetezo hicho cha kufukizia ubani kilikuwa cha shaba, chenye miguu mitatu na kifuniko cha matundu. Alikirithi kwa nyanya yake. Zamani, pale mtaani kwao Kasongo, hapakuwa na arusi wala maulidi bila mtu kuja kukiazima. Mwaka ule wa vita alikuwa amekipeleka Kabambare, kwenye arusi ya mpwa wake, na arusi haijaisha watu wakaanza kukimbia. Walirudi Kasongo kwa miguu, kwa njia ya msituni. Rachida, mjukuu wake, alikuwa mdogo, ana homa, hawezi tena kutembea. Nyanya alitua kikapu, akakizika chetezo chini ya mvule, akamweka mtoto mgongoni.

Hakuna aliyewahi kumwambia Rachida kwamba chetezo kilipotea kwa sababu yake. Labda ndiyo maana kilimlemea hivyo. Sasa alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, na bado wanawake wa mtaa walipofukizia ubani kwenye kopo la maziwa alitazama chini.

Kwa hiyo alipanda pikipiki ya binamu yake Yassine, mchimba dhahabu wa Salamabila, aliyekuja na koleo na mashine ya kutafutia madini aliyoiazima.

"Mwalimu," alisema Yassine, "na tukikuta dhahabu ndani?"

"Ni chetezo, Yassine."

"Wazee hawaziki kitu kitupu. Weye soma vitabu vyako, mambo ya chini ya udongo uniachie mimi."

Waliacha pikipiki kwenye kijiji cha mwisho wakaingia msituni. Njia ya zamani ilikuwa imezibwa na magugu, lakini michikichi iliwaonyesha. Ilisimama moja hapa, moja mbele kidogo, kila mahali ambapo wasafiri wa zamani walitafuna chikichi na kutema kokwa. Rachida alitembea akiitazama, na taratibu Babu Iliasi, mume wa Nyanya, akaanza kumrudia akilini: baiskeli iliyopakia chumvi na sabuni, kofia yake iliyochanika ukingoni, na yeye Rachida amekaa juu ya gunia, akiyumba.

Babu alifanya biashara kati ya Kasongo na Kabambare, na kila safari alipumzika penye mvule mmoja karibu na kijito. Kabla ya kula, kabla hata ya kunywa maji, alimwita.

"Simama. Mugongo uguse muti. Usijiinue kwa vidole!"

"Sijiinui, Babu."

"Uko unajiinua. Naona vidole vyako, mwizi wee."

Kisha ubapa wa panga, wa baridi, juu ya kichwa chake, na tak! chale kwenye gamba. Utomvu mweupe ulichuruzika, naye akageuka haraka kuona amekua kiasi gani. Mti huo Nyanya aliuchagua kwa sababu ya chale hizo. Alijua hata akisahau njia, hatausahau mti wa mtoto.

Kijito walikifikia. Mivule ilikuwa mingi.

"Angalia juu," alisema Yassine. "Muti imekua miaka hii yote. Alama imepanda nayo."

Rachida aliona hiyo ni akili. Wakazunguka shingo zikiwauma, mpaka Yassine akaona makovu juu kabisa ya shina moja. Akachimba mpaka shati likalowa. Mashine ililia. Alichopoa kitu kidogo, akakifuta kwa kidole gumba: ganda la risasi.

Yassine alilirudisha shimoni, akafukia kwa mguu, polepole kuliko alivyochimba.

"Yale makovu ni ya warina asali," alisema mwishowe. "Walipigilia vijiti vya kupandia. Bon, basi. Tumefanya tulichoweza, Mwalimu. Jua linashuka."

Rachida aliufikiria ule uso wa Nyanya uliogeuzwa ukutani, na jicho lile dogo likizimika. Akaegemea mvule uliokuwa karibu. Bila kukusudia alinyoosha mgongo, akaunganisha visigino kama zamani, mkono ukaning'inia pembeni. Vidole vyake vikagusa mtaro kwenye gamba. Na chini yake mtaro mwingine. Na mwingine.

Chale zilikuwa usawa wa kiuno chake. Zilikuwa zimenenepa pamoja na shina na kupanuka kama midomo, lakini hazikupanda hata kidogo. Zilibaki pale pale Babu alipozikata. Aliyepanda ni yeye.

"Yassine!"

Yassine alikuja mbio, akainama, akapiga paji lake la uso. "Tunatafuta mbinguni, kumbe iko kwenye kiuno! Weye ulikuwa mufupi hivi?"

Akachimba kwa pupa, mashine ikapiga kelele, na koleo likagonga kitu kwa mlio uliowafanya wote wawili wafumbe macho. Chetezo kilitoka kijani, kimejaa udongo, na mguu mmoja umekatika. Yassine alikikung'uta, akachungulia ndani. Udongo mtupu na vipande vya makaa.

"Dhahabu hakuna," alisema. Kisha kwa sauti ndogo, "Na mguu nimevunja mimi. Nyanya ataniua."

Nyanya alikuwa amekaa barazani walipofika. Rachida alimwekea chetezo mapajani. Mikono ya Nyanya ilitembea juu ya kifuniko, kwenye matundu, ikashuka miguuni, ikasimama.

"Wa tatu uko wapi?"

"Yassine," alisema Rachida.

"Nilijua." Lakini hakukasirika. Alikisogeza karibu na jicho lake, akakaa nacho hivyo muda mrefu, machozi yakimshuka. "Na zile chale? Bado ziko?"

Rachida aliushika mkono wa Nyanya, akauweka kwenye kiuno chake. "Ya mwisho iko hapa."

"Hapa tu?"

"Hapa tu, Nyanya."

Mkono ulibaki pale, ukipima. "Mutoto kidogo hivi," alisema Nyanya Djamila, "na siku ile ulikuwa muzito kama gunia ya chumvi!" Akacheka, akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Yassine, acha kujificha kule. Leta jiwe tukitegemeze, ulete na makaa. Nikifukizie kwanza. Kisha muniambie, Kindu tunaenda lini."