Aliyechorwa Macho Hayeyushwi

Mimi ndiye ninayechora macho. Viumbe wote wa ile katuni ya kuungana, wale ambao watoto wenu wanawalilia madukani, macho yao yametoka kwenye brashi yangu. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha nani yuko hai na nani hayupo.

Katuni yenyewe ni rahisi. Viumbe wawili wanagonganisha vifua, wanakuwa mmoja, mwenye nguvu za kutisha. Wakikosea kuungana, kinatokea kioja: kichwa huku, miguu kule. Hao tunawaita Vibovu. Wanakaa kwenye kioo sekunde kumi, wenzao wanacheka mpaka wanashika mbavu, halafu filimbi inapigwa na wanatenganishwa. Basi. Hata jina hawapewi, wanapewa namba.

Namba saba alikuwa kobe na panzi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye mchongaji wetu wa mifano ya wanasesere wa madukani. Alimchonga kwa nta, gamba mgongoni, na nyuma akamtia miguu ya panzi yenye springi. Ukimbonyeza anaruka, anaanguka chali, anayumba huku na huku mpaka anajigeuza. Halafu yuko tayari kuruka tena. Nikamwita Kobanzi, na nilimpenda siku hiyohiyo.

Sifichi kwa nini. Mama na baba yangu walitoka koo mbili zisizooana. Kwa kina baba naitwa mtoto wa wale. Kwa kina mama vilevile, mtoto wa wale. Bibi mzaa baba aliwahi kusema mbele yangu, nikiwa na sahani mkononi, "Mchanganyiko huu haukushika." Nina miaka hamsini na mbili na bado inaniuma.

Sasa asubuhi moja mkurugenzi akaingia karakanani na karatasi yake.

"Vibovu wote wayeyushwe kabla ya saa sita," akasema. "Kipindi cha mwisho wanatenganishwa, wanakuwa wazima, mchezo umekwisha. Madukani hawaendi."

"Hata namba saba?" nikauliza.

"Hasa huyo. Anatia huruma."

Akatoka. Shemeji akawasha jiko, uso umemshuka. "Shemeji, tufanyeje? Amri ni amri."

"Ng'o! Niletee hao hapa."

Pale kwetu kuna mwiko mmoja. Mfano ukishachorwa macho hauyeyushwi, hata uwe umepinda vipi. Ndiyo maana macho huchorwa mwisho kabisa, mkurugenzi akisharidhika. Na mwiko huo aliuweka yeye mwenyewe, enzi hizo akiwa mchoraji, kwenye kiti hikihiki ninachokalia, siku alipoambiwa amtie jikoni sungura wake wa sikio moja akashindwa. Aliandika kwa mkono wake juu ya mfuniko wa sufuria ya nta: ALIYECHORWA MACHO HAYEYUSHWI. Maandishi yapo mpaka leo.

Nikakaa, nikachora. Vibovu kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, bila hata kunywa chai. Kobanzi nilimweka wa mwisho. Nilimpa macho makubwa, ya mtu aliyeulizwa anatafuta nini hapa na hana mpango wowote wa kuondoka.

Saa sita kasoro mkurugenzi akarudi, akakuta macho ishirini na manne yanamtazama. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Nani amekuruhusu?"

"Mfuniko," nikasema.

Shemeji akajifanya anakohoa.

"Futa!"

"Sifuti."

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Lakini kwanza wafute wewe, kwa mkono wako. Rangi bado mbichi." Nikamtupia kitambaa.

Akamnyakua Kobanzi, akafuta jicho la kushoto. Nikampokonya, nikalichora upya. Akafuta tena. Nikachora tena. Watu wazima wawili, jamani, tunagombania kobe!

"Wanatenganishwa tu," akasema akihema. "Kobe anarudi kuwa kobe, panzi anarudi kuwa panzi. Ubaya uko wapi?"

Hapo mori ukanipanda. "Kobe gani? Panzi gani? Mimi simwoni hapa kobe wala panzi, namwona huyu! Ukimkata humrudishi mtu kwao, unamuua." Sauti ilikuwa inanikatika na sikujali. "Sungura wako yuko mezani kwako mpaka leo, na sikio lake moja. Kamlete. Tuanze na yeye."

Kobanzi akaniponyoka mkononi, miguu ikagonga meza, akaruka, akaanguka chali katikati yetu. Akayumba. Hakuna aliyecheka. Tulisimama pale watatu tukimsubiri, mpaka akajigeuza.

Mkurugenzi akakunja kitambaa taratibu, akakiweka mezani.

"Na kipindi cha mwisho?" akauliza, sauti imeshuka. "Filimbi ikipigwa, huyu anafanya nini?"

"Anaisikia," nikasema. "Na anabaki hivyohivyo alivyo."

Akaangalia ule mwandiko wake juu ya mfuniko, akatoka. Shemeji akazima jiko. Nikamgeuza Kobanzi, nikaikwangua ile namba saba iliyoandikwa chini ya gamba, nikaandika jina lake.