Mtu Akipiga Buchka

Kaburi la Živan lilikuwa na kila kitu isipokuwa Živan. Lilikuwa na jiwe jeusi, picha yake akiwa na tai aliyoichukia, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, na pembeni jina la mkewe Kosara, limeshachongwa, likisubiri zamu. Udongo wake haukuwa umeguswa na koleo. Mto Tamiš ulimchukua mwezi wa Agosti, mchana kweupe, katikati ya mji wetu wa Pančevo, na haukumrudisha. Wazamiaji walitafuta siku tisa upande mto unakotiririkia, kwa sababu kofia yake iliokotwa kule darajani.

Jumatano moja, zikiwa zimebaki siku tatu mwaka utimie, Kosara alinifuata ukingoni.

Mimi ni Ostoja. Kwa miaka thelathini na mmoja nilivua kambare pamoja na Živan mahali palepale, chini ya ukuta wa ghala la zamani la nafaka, ambapo mto umechimba kina na ambapo tishari bovu la chuma limezama nusu, pua juu, mkia kwenye tope. Watu wa mjini hupita kule juu na aiskrimu zao, wanatutazama kama takataka zilizokwama. Na sisi tunawatazama vivyo hivyo. Siku hiyo lakini hakukuwa na mpita njia hata mmoja. Ilikuwa saa sita kasoro, joto la kuchoma kisogo, madirisha yote ya mtaa yamefungwa mbao, na maji yametulia hata povu lilikuwa haliendi.

Nilikuwa na Gavra, jirani yetu wa ukingoni, mvuvi wa vidagaa, mtu ambaye mdomo wake haufungwi hata kwa gundi.

"Ostoja, ficha chupa, serikali imefika!" alipiga kelele alipomwona Kosara anashuka ngazi na nguo zake nyeusi katika jua lile.

"Wewe Gavra ficha kitambi kwanza," Kosara akamjibu. "Hiyo chupa nyuma yake haionekani."

Alikuwa anatania, lakini macho yake hayakuwemo katika utani. Alikaa juu ya ndoo yangu ya chenene wa chambo bila kuuliza, akafungua kitambaa cha jikoni alichokuwa amekipakata. Ndani ilikuwamo buchka ya Živan. Si ile aliyokwenda nayo, ile nyingine, ya zamani, aliyochongewa na baba yake kwa mzizi wa mplamu.

Kwa asiyejua, buchka ni kijiti kilichopinda, chenye mkono juu na kisigino bapa chini, upana wa sarafu. Unaipiga kwenye maji kwa namna yake, inatoa mlio mzito, *bup*, kama mtu aliyezibua chupa ndani ya pipa. Kambare aliyelala kwenye shimo lake akiusikia, anapanda. Kila buchka ina sauti yake, na kila mkono una mwendo wake. Mimi ningeijua ya Živan hata usingizini: mapigo matano sawasawa, kituo, mapigo matano.

"Shemeji," nikamwambia, "hii ilipaswa kuvunjwa siku ya arobaini."

Ndivyo tunavyofanya. Mvuvi wa kambare akifa, mkewe huivunja buchka yake kizingitini na kuitupa mtoni, ili asiitwe tena kazini.

"Niivunje ya nani?" akasema. "Mmenipa maiti? Mmenipa kofia. Jumamosi nitapika ngano ya sala, padri atasoma mbele ya shimo tupu, na mama mkwe wangu ataniuliza tena Živan amechelewa wapi. Muite."

"Nimwite nani?"

"Usijifanye mjinga, Ostoja, hukuumbwa hivyo, umejifunza tu. Muite."

"Hii inaita kambare, shemeji."

"Mmenijazia jikoni kwangu hadithi miaka thelathini, wewe na yeye. Kwamba kambare haji kwa njaa, anakuja kwa sababu hawezi kuvumilia kuitwa. Ulisema hukusema?"

"Nilisema. Nilikuwa nimelewa."

"Ulimtoa kambare wa kilo themanini chini ya tishari hilo. Živan alikuwa na kilo tisini na mbili kabla ya chakula. Hizo kumi na mbili zitakushinda?"

Gavra alicheka, halafu akaona kuwa anacheka peke yake.

Sikutaka kuishika buchka ile. Kosara alidhani naogopa mizimu. Laiti ingekuwa hivyo tu. Niseme sasa nilichowaficha polisi, padri na mke wangu mwenyewe, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini sikutaka kuishika.

Ukingoni kwetu kuna sheria moja. Mtu akipiga buchka, humsemeshi, humkaribii, huwashi redio. Unakaa ulipo na unahesabu mapigo yake. Maadamu anapiga, mambo ni salama. Akinyamaza katikati ya hesabu, maana yake kambare ameshika, na hapo ndipo unakimbia na upembo, fimbo ya ndoano, kumsaidia. Kupiga ni salama, kimya ni mbio. Tumelelewa hivyo.

Asubuhi ya siku aliyopotea tuligombana, mimi na Živan, kwa ajili ya jambo la kijinga: nani alimwacha nani bila chambo wiki iliyopita. Aliondoka amenuna, akapanda juu ya tishari na buchka yake mpya imefungwa kwenye kifundo cha mkono kwa kamba. Mimi nilibaki chini ya ukuta na redio yangu, nimempa mgongo. Saa sita kengele za kanisa zililia, na zilipokwisha nikaanza kumsikia. Lakini hakuwa anapiga kama Živan. Alipiga mawili ya haraka na moja lililochelewa. Mawili, na moja. Sauti ilikuwa butu, ya chini mno. Nikasema moyoni: ananikejeli, mjinga huyu, anaharibu mwendo makusudi ili nigeuke nimcheke. Sikugeuka. Nilihesabu, kwa mazoea tu. Nilipofika sitini na mbili hasira zikanizidi, nikawasha redio. Nikasikiliza muziki mpaka taarifa ya habari. Nilipozima, kulikuwa kimya, na sikujua kimya kile kilianza lini.

Polisi niliwaambia nilikuwa nimelala.

Basi nikaichukua. Nilipiga magoti kwenye ubao wetu wa ukingoni, nikaitia buchka majini. Mkono wangu si kama wa Živan, lakini mti ule ulikuwa na sauti yake yeye, na nilipopiga matano ya kwanza Kosara alifumba macho. Kengele za kanisa zikaanza kulia saa sita. Nilisubiri zimalize. Nikapiga matano mengine, na matano mengine.

Kwanza zililia kengele ndogo za kwenye fito zetu za kuvulia, zote saba kwa pamoja, zangu na za Gavra, ingawa hakuna ufito uliopinda. Zilitetemeka kidogo zikaacha.

"Wameshika?" Gavra akanong'ona.

"Nyamaza."

Halafu jibu lilikuja kutoka kwenye tishari. Mawili ya haraka, na moja lililochelewa.

Nywele za mikono zilinisimama katika joto lile. Nilijiambia ni mnyororo, ni gogo, ni bati linalopanuka kwa jua. Lakini maji hayakuwa yanasogea, na mnyororo hauna subira ya kurudia hivyo: mawili, na moja. Mawili, na moja. Gavra alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba mara tatu. 

Kosara alisimama kutoka kwenye ndoo. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza sufuria iliyo jikoni akiwa chumba kingine.

"Huyo haiti samaki," akasema. "Živan hajawahi kuharibu mapigo matano maishani mwake. Huyo ni mtu anagonga mlango."

Kugonga kukakoma, kana kwamba ameridhika kueleweka. Kosara akanigeukia.

"Ostoja. Kwa nini wewe hukushangaa?"

"Nimeshangaa, shemeji, haki ya Mungu nimeshangaa."

"Umeogopa. Hukushangaa. Nimekufahamu tangu ulipokuwa na nywele, usinidanganye. Mlio huo uliwahi kuusikia."

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na mwaka mzima wa mazoezi. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu na soksi nyeusi mwezi wa Agosti, jasho linamtiririka mashavuni, na nikachoka, nilichoka ghafla mpaka miguuni.

"Niliusikia siku ile," nikasema. "Sikuwa nimelala. Nilidhani anaita kambare. Alikuwa anagonga, nami nikadhani yuko salama, kwa sababu alikuwa anagonga. Kosara, mimi nilikaa pale nikahesabu."

Hakulia wala hakunipiga. Heri angenipiga.

"Mangapi?"

"Sitini na mbili."

"Halafu?"

Hapa ndipo ninapojionea aibu zaidi kuliko yote. Mtu akikiri, si amalize? Lakini nililiona neno redio linakuja mdomoni, nikalimeza.

"Halafu kukawa kimya," nikasema. "Nikakimbia. Nilipofika hakuwepo."

Alitikisa kichwa polepole. Akanionyesha maji kwa kidole.

"Nipigie. Kama alivyopiga yeye. Nataka kujua sitini na mbili ni muda gani."

"Shemeji, nakuomba, usinifanyie hivyo."

"Piga, Ostoja."

Nikapiga. Mawili, na moja. Gavra alikaa chini akaziba uso. Ishirini ni muda mfupi, unaweza kusema mtu hakupata nafasi ya kusimama. Thelathini, unaweza kuwa umesimama. Arobaini, unaweza kuwa umefika kwenye tishari, umepanda, umeinama juu ya tundu la chumba cha mbele, umesikia. Hamsini, unaweza kuwa umemwita jina lake. Kosara hakuondoa macho kwenye mkono wangu. Midomo yake ilikuwa inahesabu bila sauti, nami nilijua sitaweza kumwibia hata pigo moja. Nilipiga la sitini na mbili, nikaitoa buchka majini, nikaiweka juu ya ubao. Matone yake yalikauka papo hapo.

"Basi," nikasema. "Hapo ndipo aliponyamaza."

Na kutoka ndani ya tishari, kwa mwendo uleule, bila haraka, likaja la sitini na tatu.

Kosara alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu na sitaki tena. Kisha akageukia maji, akaanza kuhesabu kwa sauti, sauti yake ya kawaida ya sokoni anapohesabu mayai.

"Sitini na nne. Sitini na tano. Sitini na sita."

"Niliwasha redio," nikasema. "Kosara, niliwasha redio, tulikuwa tumegombana."

"Nyamaza, utanipotezea hesabu. Sabini. Sabini na moja."

Alihesabu mpaka mia. Baada ya mia mapigo yalianza kuachana. Mawili ya haraka hayakuwa ya haraka tena. Alihesabu mpaka mia na hamsini, na kila lililochelewa lilichelewa zaidi, naye alilisubiri mdomo wazi, hakulitaja kabla halijafika. Mbwa mmoja alibweka huko juu mtaani akaacha. Mia na themanini. Jasho langu lilidondoka juu ya buchka na sikuthubutu kulifuta. Mia mbili na nne. Mia mbili na kumi. Lilikuja moja dogo, kama mtu aliyegonga kwa kucha, na Kosara akalihesabu na hilo.

"Mia mbili na kumi na moja," akasema.

Tulisubiri. Tulisubiri sana. Maji hayakusema kitu, na kengele za fito hazikusema kitu.

"Sasa ndiyo kimya, shemeji," Kosara akaniambia. Aliniwekea mkono begani, akanisukuma. "Kimbia."

Nikakimbia. Kutoka ukutani hadi kwenye tishari ni hatua ishirini na nne. Nyuma yangu nilimsikia Gavra anawapigia simu wazamiaji, anawapigia kelele hata hawamwelewi. Walifika saa tisa, wakakata bati la chumba cha mbele, alimotumbukia kupitia lile tundu, wakamtoa na buchka yake mpya ikiwa bado imefungwa kifundoni, kisigino cha kijiti hicho kimelika mpaka nusu. Walinikuta juu ya chuma kile kinachounguza, nimepiga magoti, nagonga kwa kiganja na kumwambia nimekuja.