Aliyechimba Kisima cha Fuvuni

Nchi ya Fuvuni ni ya duara, imefunikwa na mbingu nyeupe ngumu isiyopitisha mvua, na upande wake wa mbele ina madirisha mawili mapana ambayo kwayo wananchi hupata habari zote za ulimwengu. Mara moja kwa mwaka Kitabu hupitishwa mbele ya madirisha hayo. Nani hukiandika hajulikani, wala hakuna mtawala aliyewahi kuufikia mkono wake, jambo ambalo watawala wa huko hawajalizoea mpaka leo. Msomaji, Bwana Dunga, mzee mwenye sauti kavu, hukitangaza neno kwa neno. Na kwa kuwa watu wa Fuvuni hawaamini neno mpaka wakione kinachotajwa, watafutaji hutoka mbio wakakilete uwanjani. Likitajwa jembe, jembe huletwa. Akitajwa mtu, mtu huyo husimamishwa mbele ya wote, na tendo lake likiwa jema, alichokitengeneza huwa chake kisheria.

Taabu ni moja tu: mwandishi wa Kitabu ni bahili wa majina. Humtaja mtu mara moja, kisha ukurasa mzima husema alikwenda, akafanya, akarudi, na kumwachia mtafutaji kazi ya kujua ni nani. Hodari wa kazi hiyo alikuwa Chapuo, mwanamke mwembamba asiyetulia, ambaye alikumbuka aliyetajwa mwisho, akapima nani angeliweza tendo lile, akaondoka kabla sentensi haijaisha. Akigundua mbele ya safari kwamba amemleta siye, alirudi kumbadilisha bila kuona haya. Mimi nampendea hilo la kurudi. Wakubwa wengi limewashinda.

Ndipo alipotawala Mtukufu Hodhi, ambaye tumbo lake lilifika mkutanoni kabla yake. Mtukufu aliona kwamba Kitabu hakihongeki, lakini miguu ya watafutaji inaweza kufupishiwa safari. Akajijengea jukwaa chini kabisa ya madirisha, akaketi juu yake, akatoa amri: asiyetajwa kwa jina atafutwe kwanza jukwaani. Watafutaji, ambao nao ni watu na jua lilikuwa kali, wakaona ni nafuu. Toka siku hiyo aliyejenga daraja akawa Hodhi, aliyepanda migomba akawa Hodhi, na mwaka mmoja hata aliyejifungua mapacha akawa Hodhi, akapokea uji wa mzazi kwa siku arobaini na kuulalamikia kwamba haukutiwa pilipili manga ya kutosha. Ila penye mabaya watafutaji walikuwa na adabu: walilipita jukwaa kimyakimya na kumkamata maskini yeyote aliyekuwa karibu.

Mwaka ninaousimulia, kila mtu alijua kwamba Kitabu kingeeleza habari za kisima. Kilichimbwa na Bi Kizere, mjane wa mtaa wa juu, kwa mikono yake miwili, na kitongoji kizima kilikunywa maji yake bila kuomba ruhusa. Asubuhi ya kusomwa, mjane alimfuata Chapuo.

"Mwanangu, sifa sizitaki," alisema. "Nataka kile kisima kisitiwe kufuli."

"Mama, amri unaijua."

"Naijua. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwake."

Chapuo hakuahidi kitu. Roho ilimuuma, kwa kuwa yeye pia aliyanywa maji yale.

Bwana Dunga akasoma: "Kizere alitoka alfajiri na jembe lake. Siku ya arobaini akayafikia maji." Aliyetajwa mwisho hakuwa mwingine, hata mtoto angelijua. Lakini sentensi ya pili haikuwa na jina, na Chapuo alikwenda moja kwa moja jukwaani, akaielekeza fimbo yake kwa Mtukufu. Watu wakaguna. Mtumishi wa Hodhi akatoa kufuli jipya mfukoni, na Bi Kizere akatazama chini.

Msomaji akaufikia ukurasa wa pili: "Akaingia ghala la akiba, akahamisha mtama wa mwaka wa njaa, magunia sabini, akauficha kwake." Watafutaji wengine wakaanza kutawanyika kumtafuta maskini wao wa siku zote. Chapuo hakwenda popote. Alibaki palepale, na fimbo palepale.

"Siyo mimi huyo," alisema Hodhi.

"Hakutajwa jina, Mtukufu. Amri yako haikubagua."

"Basi tafuteni vizuri!"

"Kutafuta vizuri ni kurudi nyuma," alijibu Chapuo kwa upole, "kuangalia nani alitajwa kabla. Nasi tukirudi nyuma, tutapita kisimani kwanza, kisha darajani, kisha migombani. Na wale mapacha wana mama yao. Tuanze?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake waliosimama nyuma, kikaja mbele taratibu mpaka kikamfikia mtumishi, ambaye alijitahidi kukizuia akashindwa, kufuli likamdondoka. Hodhi alitazama mikono yake. Akitaka kisima, mtama ni wake. Akiukana mtama, hana hata ndizi moja. Bwana Dunga alikohoa, akaendelea kwa sauti ileile kavu: "Akavua kofia. Akashuka polepole, akautafuta mlango wa sikio la kushoto, akatoka." Hakuna mtafutaji aliyehangaika kumleta mtendaji. Alikuwa akionekana na wote, kofia mkononi, akienda.

Chapuo akarudi nyuma ukurasa mmoja, akamshika Bi Kizere mkono.

Wasomi wa Fuvuni hubishana mpaka leo kama sentensi zile za kofia na mlango zilikuwamo Kitabuni au la, maana Kitabu kikishapita hakirudi. Nilipomuuliza Bwana Dunga mwenyewe, alipangusa miwani yake akasema kwamba yeye maisha yake yote amesoma kilichokuwa mbele ya macho yake.