Zamu ya Romanus Kuonyesha Mahame

Ukitaka kumjua Romanus, mtazame anavyokunywa chai. Kikombe mkononi, mgongo kwenye fremu ya mlango, macho barabarani, kama mtu aliyeambiwa gari lake limeshawashwa. Amekulia Makambako, amefanya kazi ya reli mpaka akastaafu, amejenga nyumba yenye viti vya kutosha ukoo mzima, na hakuna kiti hata kimoja ndani ya nyumba hiyo kilichowahi kumzoea.

"Kaa chini, Baba Angela. Chai haikimbii," mkewe Modesta humwambia kila asubuhi.

"Si nimekaa," hujibu Romanus, naye yuko wima kama mlingoti.

Alipostaafu, watu walidhani sasa atatulia. Wapi! Alianza kujiunga na vyama vya historia. Kama hujui, miaka hii vyama hivyo vimeota huku nyanda za juu kama uyoga wa masika. Walimu wastaafu, makatekista, wauguzi waliochoka kulea wajukuu, wanakutana mara moja kwa mwezi, wanabishana nani alitangulia kufika bonde gani, wanakula maandazi na kuahirisha. Romanus alianza na chama cha Njombe mjini. Haukupita mwaka, akaacha, akahamia cha Ilembula. Huko nako akapotea ghafla kama moshi, akaibukia cha nyumbani kwake Makambako. Watu wakasema mzee huyu anapenda historia kupita kiasi. Modesta, aliyekuwa akimfulia mashati ya mikutano hiyo yote, alijua kuwa mumewe anakimbia kitu, ila hakujua ni kitu gani.

Sababu ilikuwa moja tu, na ilikuwa ileile katika vyama vyote vitatu: mahame.

Mahame ni pale mlipokuwa mkiishi kabla ya operesheni ya mwaka sabini na nne, watu walipotolewa kwenye miji yao iliyotawanyika mabondeni na kupangwa kwenye vijiji. Nyumba zilianguka, ila makaburi yalibaki, na mawe ya mafiga, na kichaka cha milanzi, ile mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi, maana huku mji bila milanzi haukuhesabiwa kuwa mji. Kwa hiyo vyama hivi vina desturi yao. Mwanachama mpya ni mgeni tu mpaka siku atakapowapeleka wenzake kwenye mahame ya kwao, awaonyeshe huyu ni babu, huyu ni bibi, hapa palikuwa jikoni, hapa nilizaliwa. Zamu inazunguka, na kila mtu inamfikia.

Romanus hakuwa na mahame. Hakuwa nayo kabisa. Mama yake, Angela, ambaye ndiye aliyerithiwa jina na binti yake wa kwanza, alifariki mwaka ule wa kuhama, yeye Romanus akiwa mtoto wa kukimbiakimbia. Akalelewa Makambako na mama yake mdogo, Telesia, aliyekuwa akiwapikia mafundi waliojenga reli. Telesia alikuwa mwanamke wa maneno mengi, anayeweza kumfundisha kinyozi kunyoa. Lakini ukimuuliza habari ya dada yake alikuwa na jibu moja tu: "Mama yako alibaki njiani." Njia ipi? Hapo Telesia aliinuka kwenda kuangalia maharage yasiungue, hata kama siku hiyo hakuna aliyeinjika maharage. Akazeeka na jibu lake hilo, akafa nalo.

Basi Romanus alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kujua mama yake amelala wapi. Alijiunga na vyama akitega masikio, akiomba siku moja mzee fulani aropoke, "Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyefia njiani mwaka ule." Hakuna aliyeropoka. Na zamu yake ilipokaribia, mara mguu unamuuma, mara kuna msiba Songea, mara haonekani tena. Aliona aibu, na aibu ile ilimchoma. Mzee mzima, mwenye mvi, atasimama vipi mbele ya watu aseme hajui kaburi la mama yake?

Makambako hakuwa na pa kukimbilia. Mwenyekiti, Mwalimu Benno, aliishi mtaa mmoja naye, na kwa Mwalimu Benno udhuru haukupita tangu enzi za chaki.

"Romanus, Februari ni yako," alimwambia siku moja wakitoka kanisani. "Usiniambie mguu. Nimekuona ukipanda kilima jana."

"Mwalimu, nipo," alisema Romanus, na jasho likamtoka kwenye baridi ile.

Ndipo akaamua kudanganya.

Kuna kona moja kwenye barabara ya Njombe, kabla hujafika Mtwango, ambapo ukitazama kushoto unaona kichaka kikubwa cha milanzi peke yake, hakuna nyumba karibu. Romanus alikifahamu tangu utoto, kutoka dirishani mwa basi. Kila walipokwenda Njombe na mama mdogo, Telesia aliyekuwa akibishana na basi zima alifika kwenye kona ile akanyamaza, akaangalia magoti yake mpaka wapite. Alisema kona inamtia kichefuchefu. Romanus mtoto akikosa wa kuongea naye, alitazama milanzi. Alipohitaji mahame ya uongo, hayo ndiyo yaliyomjia kichwani, na hakujiuliza kwa nini.

Oktoba alichukua bodaboda akaenda kupakagua. Akaona mawe, akaona vituta vya makaburi, akaona milanzi imekauka majani. Hakuna mtu. Akarudi amefurahi, akatangaza kwamba mahame ya kwao yamepatikana.

"Umepakumbuka lini?" Modesta aliuliza.

"Juzi."

"Miaka yote hii tumelala kitanda kimoja, unapakumbuka juzi?" Modesta alimtazama sana, kisha akasema, "Mimi nitakuja na chupa ya chai."

Hapo ndipo Romanus alipokosea, na ni kosa la Mbena aliyekulia relini. Mbena wa shambani angejua kwamba kichaka cha milanzi hakikosi mwenyewe. Shamba linaweza kubadilisha mikono, mtu akapanda misonobari, mwingine akang'oa akapanda parachichi, lakini milanzi ni ya aliyeipanda na uzao wake, nao watatembea hata nusu siku kuja kuigema. Ila hawaji Oktoba. Wanakuja masika.

Februari walifika wamejaa Noah mbili. Mvua ilikuwa imepita, ukungu umeshika vilima. Romanus alishuka wa kwanza, akapanda mteremko mbiombio, akafika kwenye kichaka, akaganda. Milanzi ilikuwa imening'inizwa mbeta kila chipukizi, vile vyombo vya mwanzi vya kukingia, na ulanzi unadondoka mle polepole. Majani yamefyekwa. Makaburi yamepaliliwa.

"Kumbe mnapatunza!" alisema Mwalimu Benno akihema. "Nani anagema?"

"Binamu," alisema Romanus. "Binamu mmoja hivi."

Akaanza kuonyesha harakaharaka, kama mtu anayehesabu mizigo ya treni inayoondoka. Huyu babu. Huyu bibi. Huyu baba mkubwa. Wanachama wakavua kofia kila kaburi, mwingine akapiga picha kwa simu. Alikuwa anawapa wafu wa watu majina ya uongo, na wafu wale walikuwa wametulia tu, hawamkatalii.

"Na lile kule pembeni?" aliuliza Mwalimu Benno.

Ng'ambo ya kichaka kulikuwa na kaburi moja limekaa peke yake, fupi, limezungushiwa mawe, nalo limepaliliwa kama mengine. Romanus alikuwa amepanga kusema shangazi. Lakini siku ile ya Oktoba, alipokuwa akigawa makaburi kichwani, alishindwa kumweka mama yake katikati ya watu asiowajua, akamwacha nje ya hesabu. Sasa kinywa kilifunguka chenyewe.

"Yule ni mama," alisema. Machozi yakamtoka, ya kweli kabisa, kwa kaburi la kusingizia. Modesta akamshika mkono.

"Kamweneee," ikasikika salamu ya Kibena nyuma yao.

Alikuwa mwanamke mzee kidogo kuliko Romanus, amevaa buti za mvua na koti la kiume, mkono mmoja galoni, mwingine kisu cha kugemea. Aliitwa Bertila. Aliitikia salamu za wote moja moja bila haraka, kisha akasema:

"Nimesimama hapo chini muda. Nimesikia babu yangu amepewa jina jipya. Na bibi yangu pia. Sasa naomba nijue, nyie ni kina nani, na huyu baba anagawa wazee wangu kwa kibali cha nani?"

Mwalimu Benno alimgeukia Romanus na yale macho ya kukagua daftari. Romanus alitazama barabara kule chini, na miguu yake ikataka kwenda. Kwa kweli ilishapiga hatua. Lakini Modesta hakumwachia mkono.

"Sema, Baba Angela," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sema tu."

"Samahani, dada yangu," alisema Romanus. "Nimedanganya. Hapa si kwetu. Sina mahame. Mama yangu alifariki mwaka wa kuhama, mimi mtoto, na sijui alizikwa wapi. Nimevizunguka vyama vitatu nikitafuta, na nimevikimbia viwili kwa aibu. Mwalimu, wenzangu, nisameheni. Nilichoka kuwa mgeni."

Bertila aliweka galoni chini.

"Aliyekulea ni nani?"

"Mama mdogo. Telesia."

"Telesia," Bertila alirudia. Akamtazama Romanus kuanzia viatu hadi mvi. "Mweupe, mdomo haupumziki?"

"Ndiye huyo."

Mwanamke yule akaenda taratibu mpaka kwenye kaburi la pembeni, akasimama.

"Hao wengine ni wangu," alisema. "Huyu si wangu. Walifika hapa wakielekea kijiji walichopangiwa, dada mtu ana homa kali, mdogo wake amemshikilia. Mama yangu akawaingiza ndani. Hakumaliza wiki. Baba akasema tumzike hapahapa, ila pembeni kidogo, wenyewe wakija kuweka msalaba wasisumbue watu. Telesia akaahidi atarudi baada ya mavuno. Nasi tukahamishwa mwezi uliofuata, lakini kila masika tukija kugema tunapalilia, tunasema labda mwaka huu atakuja. Hakuja."

"Alikuwa anapita," alisema Romanus. "Kila mwaka, kwenye basi. Akifika hapo kwenye kona ananyamaza. Alisema kichefuchefu."

"Alituogopa?" Bertila alishangaa, na uso wake ukajaa huzuni. "Masikini. Tungemwambia nini sisi? Tungempa ulanzi tu, akae."

Akageukia mlanzi mmoja wa karibu, kisha akaendelea.

"Na kulikuwa na mtoto. Mtoto hakai! Anatoroka kwenda barabarani, anasema mama ameshatangulia, twende, twende. Wakubwa wanachimba, nikaambiwa mimi nimshike, nami nilikuwa msichana mdogo, akanishinda nguvu. Nikachukua kanga ya mama yake, nikamfunga kiunoni, ncha nyingine nikaifunga kwenye mlanzi ule. Alivuta mpaka jioni. Hata Telesia alipomfungua na kumbeba, aliondoka anavuta."

Romanus alitazama mlanzi ule. Modesta aliziba mdomo kwa kiganja, na Mwalimu Benno, ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akilia, alianza kufuta miwani isiyo na vumbi.

"Nilikufunga kwa nguvu," alisema Bertila. "Nimeliwaza sana jambo hilo. Nisamehe."

"Ulifanya vizuri," alisema Romanus. "Dada, ulifanya vizuri."

"Aliitwa nani? Mama yangu aliambiwa jina akalisahau, akafa anajilaumu. Tumempalilia miaka yote hatuna cha kumwita."

"Angela."

Bertila aliinama akang'oa jani moja lililokuwa limebaki kando ya jiwe.

"Angela," alisema, "mwanao huyu."

Matone yalianza tena, makubwa. Wanachama wakaanza kuangaliana, na dereva mmoja akapiga honi kule chini.

"Romanus," alisema Mwalimu Benno kwa upole, "mvua inakuja, na utelezi wa mteremko huu unauona. Twende. Tutarudi na msalaba, chama kizima."

"Nendeni, Mwalimu," alisema Romanus.

Akaketi. Aliketi chini kwenye majani mabichi kando ya kaburi la mama yake, suruali ya kanisani na yote, akanyoosha miguu. Modesta alimtazama, kisha akafungua chupa, akamimina chai, akampa. Romanus akainywa yote pale chini, akaomba nyingine.